Usafi wa Kumpokea Mgeni

Ukitaka kujua kwamba mkubwa anakuja, usiulize mtu. Angalia mawe. Mawe yakipakwa chokaa, mkubwa yuko njiani, na kuna kitu kimesukumwa nyuma ya nyumba ili asikione. Mimi nilianza kuyabeba mawe hayo nikiwa mwanafunzi Kimilili. Tulitolewa darasani, tukayatoa mtoni kwa vichwa vyetu, tukayapanga kando ya barabara, tukayapaka, kisha gari la mgeni likapita, mgeni mwenyewe akitazama upande ule mwingine. Mwalimu akatuambia tuimbe hata hivyo. Wenzangu wamesahau. Mimi sisahau, na wengi wamenichukia kwa hilo.

Basi siku ile pikapu ya chuo ilipoingia lango la kampasi, nje kidogo ya mji wa Kitale, niliyaona mawe kabla Madam Nyaruai, aliyekuwa akiendesha, hajayaona. Yalianzia langoni yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye vivungulio, zile nyumba za nailoni za kuoteshea mimea, yote meupe kama meno ya kununua.

"Madam, mmekuwa na mgeni."

"Jana," akasema, macho yake barabarani. "Si nilikuambia? Nyumba ya kwanza na ya pili, basi. Aone nyanya, aone stroberi, apigwe picha, aende. Ya tatu hawana haja nayo. Kang'ethe aliniapia."

"Kang'ethe ni nani?"

"Msimamizi wa kompaundi. Ni mtu wetu, usijali."

"Mtu wenu," nikasema. "Basi sasa ndio najali."

Akacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka, kwa hiyo nimeitunza.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonitoa kwangu. Ndani yake kulikuwa na pasheni ya marehemu mke wangu, Mama Joy, na ile ndiyo iliyokuwa imebaki. Haikuwako nyingine kwetu wala popote. Nieleze vizuri, maana baadaye watu walisema kwamba mzee Mukhisa alipandwa na kichaa kwa sababu ya mti mmoja.

Sisi watu wa chini ya mlima, upande wa Kimilili, tuliishi kwa pasheni. Kabla yake tulikuwa na kahawa, mpaka wenye vyama vya ushirika wakaimaliza. Kisha tukaambiwa alizeti ndiyo mkombozi. Tukalima alizeti, kijiji kizima kikawa cha manjano, na mnunuzi hakutokea. Watoto wakatafuna mbegu kama kasuku mwaka mzima. Nakumbuka jina la afisa aliyekuja kutuhubiria alizeti. Nakumbuka mpaka rangi ya kofia yake. Lakini pasheni hatukuambiwa na mtu. Tuliileta wenyewe, tukaikwesha kwenye nyaya wenyewe, ikatuezekea nyumba, ikasomesha watoto. Joy wangu ni muuguzi kwa sababu ya pasheni.

Halafu ugonjwa ukaja. Majani yakawa na madoa ya manjano na kujikunja kama sikio la mbwa mzee. Tunda likawa dogo, gumu kama kifundo cha mti. Ulilipasua kwa panga, ndani ukakuta ganda nene na shimo kavu. Shamba baada ya shamba likawa hivyo. Tulinyunyiza dawa mpaka nyuki wakaisha. Afisa alikuja, akatikisa kichwa, akanywa chai, akaenda.

Kwangu tu, kwenye mti wa lusiola karibu na kaburi la Mama Joy, pasheni moja ilikataa. Mama Joy ndiye aliyeipanda, na kila ilipozeeka alikata kikonyo, kipande cha tawi, akakiotesha upya pale pale, akisema hii ina akili. Ugonjwa uliipata kama nyingine. Majani yalikuwa mabaya kuliko hata ya jirani. Lakini matunda yalijaa maji. Ulikata moja, likakulowesha mpaka kiwiko.

Nilisema jambo hilo ofisini, nikalisema kanisani, nikalisema kwenye baraza la chifu nikiwa nimesimama na chifu ananiambia kaa. Ni siku hiyo ya baraza Nyaruai alinisikia. Alikuwa ametoka kwenye mashamba ya majaribio ya chuo kule karibu na Bungoma mjini, kwa sababu yeye ndiye alikuwa meneja wa yale mashamba na wa vivungulio vya Kitale pia. Baraza lilipoisha akanifuata.

"Mzee, umesema kwako kuna moja inazaa?"

"Nimesema, na hakuna aliyesikia."

"Mimi nimesikia. Nionyeshe."

"Wewe ni wa wapi?"

"Kitale. Watu wangu walitoka Nyeri."

"Kumbe! Mkikuyu anataka kuona shamba langu. Na hiyo nayo ni mpya?"

"Shamba baki nalo, nataka tawi tu," akasema. "Na kama kuna kuku kwa sufuria, maana nyinyi hamkosi, hiyo pia sikatai."

Kuku alikuwepo. Alikula, akanawa, akakata vikonyo kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye jiki ya kuua vijidudu kila baada ya kukata, kama daktari. Nikampenda kwa kile kisu. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wamekuja wengi, na hakuna aliyekuwa amekuja na kisu safi.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya nyuma kabisa, ya wavu mwembamba badala ya nailoni, ili vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani na kubeba ugonjwa, wasiingie wala wasitoke. Humo aliotesha vikonyo vya Mama Joy, na kando yake pasheni ya kawaida kutoka dukani. Kisha akatwanga majani yenye ugonjwa, akapaka maji yake kwenye miche yote. Siku aliponionyesha hivyo nilitaka kumnyang'anya ule mchi.

"Unaupa ugonjwa makusudi?"

"Makusudi, Baba Joy. Mtu akijiita bondia, utajuaje kabla hajapigwa?"

Ya dukani ilipigwa ikafa. Ya Mama Joy ilipigwa, ikakunja majani, ikatoa madoa, ikaonekana kama kitu cha kutupwa, na ikazaa. Akairudia tena msimu uliofuata, ikazaa tena. Nilikuwa naenda Kitale kuiangalia kama mtu anavyoenda kumwangalia mgonjwa wadi. Nilimwomba kikonyo kimoja tu nirudi nacho nyumbani, nikifiche hata kwa mfuko wa koti. Akakataa.

"Hakuna kitu kinatoka nyumba ya tatu kabla sijamaliza. Ukitoka na hicho, umetoka na ugonjwa. Utaambukiza mpaka Lwakhakha, uvuke nao Uganda."

"Basi weka kingine mahali pengine. Kule Bungoma."

"Bungoma hakuna wavu. Nimeomba wavu tangu mwaka juzi. Wanasema hakuna."

Likumbuke hilo. Wavu ulikosekana.

Sasa ilibaki kazi moja: kukata vikonyo vya mistari ya Mama Joy, kuviunga juu ya mashina ya pasheni ya manjano ambayo mizizi yake ina nguvu, na kutoa miche ya kutosha kijiji kizima. Lakini alitupa sharti. Alisema hata hii ya Mama Joy, ukiipanda katikati ya mibovu, itapigwa kila siku mpaka ichoke. Tung'oe zote, tuchome, ardhi ikae msimu mzima bila pasheni, ndipo tuanze.

Watu hawakutaka. Mtu hang'oi kitu chake hata kikiwa kibovu, anakitazama tu akitumaini. Ni mimi niliyezunguka boma kwa boma. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, kuzungumza mpaka mtu achoke kukataa. Wakakubali. Tukatenga siku moja, kila mtu na jembe lake. Moshi ulitanda mpaka barabara ya Kimilili. Ilipofika jioni wakaja kwangu, kundi zima, mbele yao Nakhungu, jirani yangu, mjane kama mimi, mama wa kwaya mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Baba Joy, tumemaliza zetu. Yako iko wapi tuione?"

"Yangu ndiyo mbegu, Nakhungu. Yangu ndiyo imepelekwa chuo."

"Ati nini? Ile ya chuo iko chuo. Mimi naongea juu ya hii naona hapa kwa lusiola. Si ulisema zote? Ama zote ni zetu tu?"

Wakacheka. Nilimpigia Nyaruai simu mbele yao. Akasema, "Baba Joy, wakikuona umeacha yako, kesho watapanda zao. Ng'oa. Yangu ya nyumba ya tatu iko salama."

Nikaing'oa. Nilichimba taratibu kwa sababu kaburi lilikuwa karibu. Nikaichoma na zingine, na Nakhungu akaimba wimbo wa kanisa, kwa nia njema kabisa, na watu wakaitikia.

Msimu ukapita. Mvua ya masika ilipokaribia, Nyaruai akaja kwetu kutufundisha mashimo: upana, kina, udongo wa juu upande huu, wa chini upande ule, samadi iliyooza katikati. Kila boma lilichimba. Alilala kwa Nakhungu siku mbili, na asubuhi ya tatu akaniambia twende Kitale pamoja, nichague mimi mwenyewe mti wa kwanza kukatwa vikonyo. Ilikuwa heshima. Nilivaa koti la harusi ya Joy.

Ndio tukayakuta mawe.

Tulipita nyumba ya kwanza, nyanya zinang'aa. Tukapita ya pili. Nyuma, vijana walikuwa wanakunja hema. Mlango wa nyumba ya tatu ulikuwa wazi, umefungwa na kamba usijifunge. Ule mlango nilikuwa nimefundishwa kuufungua kiasi cha bega tu na kuurudisha haraka.

Ndani kulikuwa na viti. Viti vya plastiki vyenye nguo nyeupe na utepe, meza, maua kwenye vyungu, na zulia jekundu limetandikwa juu ya kokoto. Kokoto zenyewe zilikuwa zimesawazishwa kwa reki. Kulikuwa na ubaridi mzuri, kama siku zote.

Nyaruai alisimama pale mlangoni akiwa bado ameshika mkoba wake na ile chupa ya jiki. Kisha Kang'ethe akatokea akitembea haraka, mtu mfupi, suti ya jana bado mwilini.

"Madam, karibu. Nilikuwa nakupigia, lakini huko milimani netiwaki ni shida. Imeenda vizuri sana, yaani sana. Mkubwa amefurahi."

"Mimea iko wapi?"

"Ipi?"

"Kang'ethe, mimea iko wapi?"

"Aaah, hizi za hapa? Madam, hizo zilikuwa wagonjwa, bana. Watu wa protokoli walikuja juzi kuangalia mahali mgeni atanywa chai. Jua kali, hema ni joto, wakasema hapa kwa wavu kuna baridi. Halafu wakaona majani. Wakaniuliza, 'Hii ndio kazi mnafanya hapa, kuuguza?' Mimi ningesema nini? Tukang'oa. Tukaacha safi."

"Uliniapia."

"Niliapa hatutagusa vile vinazaa. Vya mbele. Sikujua hii ni kitu. Ilikaa takataka, Madam, haki ya Mungu."

"Na kibao? Si kulikuwa na kibao kimeandikwa kila kitu, usiguse, usiingie?"

"Kibao kilitolewa kikapakwe rangi. Ilikuwa imechujuka."

Nikamshika shati. Nina umri wa kuwa baba yake na mikono yangu ni ya jembe. Nikamuuliza kama anajua alichofanya, na alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Mzee, kwani wewe ni nani?" Nilimwachilia kwa sababu niliona hakuna uovu ndani yake, kulikuwa na usafi tu. Alikuwa amefanya ile kazi tuliyofundishwa sote tangu shule ya msingi: mgeni akija, ficha kibaya.

Nyaruai alikuwa ameshakimbia kwenye shimo la takataka. Nilimkuta ndani, majivu mpaka magotini. Walikuwa wamechoma kwa mafuta ya taa. Alikuwa anafukua kwa mikono, anavunja kila kijiti, anatazama ndani kama kuna kijani, anatupa. Nikashuka na koti langu la harusi. Tulipata vichache, mashina ya chini yaliyokuwa yamelala chini ya udongo mbichi, yameungua upande mmoja. Alivifunga kwa kitambaa chake cha kichwani akakilowesha maji.

"Matunda," akasema ghafla. "Yalikuwa na matunda. Karibu kuiva. Mbegu haitakuwa mama kabisa, lakini itakuwa mtoto. Baba Joy, matunda yako wapi?"

Tulienda jikoni. Mpishi wa kampasi alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Kabura, amekaa kwa ndoo amechoka, ananywa uji.

"Kabura, pasheni za nyumba ya tatu. Nani alichukua?"

"Si mimi! Vijana waliniletea karai zima. Wakasema wameambiwa zisipotee bure. Na Nyaruai, wacha nikuambie, sijawahi kuona pasheni kama hizo. Kwa soko siku hizi unanunua debe unapata kikombe. Hizo! Ukitoboa inaruka! Nilifanya juisi ya meza kubwa yote. Mgeni alikunywa glasi mbili, akauliza, 'Hii ni ya wapi?' Nikaambiwa nisimame mbele ya watu wote nipigiwe makofi."

"Na mbegu?" Nyaruai alikuwa amemshika mkono. "Mbegu ulizitupa wapi? Niambie umezitupa."

"Nilichemsha nazo. Stima ilikuwa imepotea, friji haifanyi, nikaogopa itachacha mgeni aumwe tumbo. Nikachemsha na tangawizi mpaka ikatokota, ndio nikachuja. Machicha nikapea nguruwe." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani kulikuwa na nini? Nyaruai? Maitũ, mama yangu, kwani nimefanya nini?"

Nilifikiria yule mgeni. Mtu mmoja katika nchi nzima alikuwa ameonja ile pasheni ambayo kijiji kilikuwa kimeingoja, alikuwa ameionja akaisifu, na aliambiwa, nina hakika, kwamba ni ya hapa hapa, Mheshimiwa, karibu tena.

Mkuu wa kampasi alitupokea kwa dakika chache, akiwa amesimama. Alisema chuo kinasikitika. Alisema mawasiliano hayakuwa mazuri. Alimwambia Nyaruai, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba meneja anayeacha kituo siku ya mgeni hawezi kulaumu wengine. Kisha akanigeukia na uso wa habari njema.

"Lakini mzee, hamjapoteza. Mgeni ametoa ahadi. Kila boma kule kwenu itapata miche ya avokado. Ya kisasa. Soko liko ng'ambo, linangoja tu."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia juu ya kahawa. Nilimwambia juu ya alizeti na kofia ya yule afisa. Nilimwambia kwamba tumeng'oa, unasikia, tumeng'oa zote kwa mikono yetu, mimi niling'oa ya kaburini kwa mke wangu, kwa sababu nyumba yenu ilisema iko salama. Nilimwambia wavu wa Bungoma ulikosekana miaka miwili na chokaa ya mawe ikapatikana kwa siku moja. Nilisema yote, na yote yalikuwa kweli, na nikiyasema niliona uso wake ukitulia, ukipumzika. Mtu anayepiga kelele huwa amempa mkubwa kazi rahisi. Akawaita askari wa lango, kwa upole, akasema, "Msindikizeni mzee, ana machungu." Na kwa Nyaruai akasema, "Unaona ni kwa nini ni vigumu kufanya kazi na hawa watu?"

Nyaruai hakuinua uso. Alikuwa amekumbatia kile kitambaa chenye maji.

Aliviunga vile vijiti siku hiyo hiyo, nikiwa nimemshikia mkasi. Alichonga kila kimoja upande uliobaki mzima, akakifunga juu ya shina la manjano, akakifunika na karatasi ya nailoni kama mtoto njiti. Nilirudi nyumbani na tumaini hilo tu, vijiti nikamwachia yeye. Na nilipofika, nilidanganya. Niliwaambia watu miche imechelewa kidogo, mvua ikishika vizuri italetwa. Kila niliyemwambia aliniambia, haya, Baba Joy, sisi tuko tayari, na akanionyesha shimo lake.

Kila jioni nilimpigia. "Bado kijani." Kesho, "Bado kijani." Kisha, "Viwili vimeanza kuwa vyeusi." Kisha simu ikawa haishikwi. Mvua ilikuwa imeanza. Nikaenda Kitale mwenyewe.

Nilimkuta mbele ya jengo la utawala, amechuchumaa, anapalilia maua. Walikuwa wamemtoa kwenye vivungulio na kwenye mashamba ya Bungoma wakampa maua. Mawe yalikuwa yameanza kumwaga chokaa kwa mvua, maji meupe yanatiririka kwenye nyasi.

"Vimekufa vyote, Baba Joy."

"Hata kimoja?"

"Kimoja kilitoa jicho. Dogo hivi. Nikakesha nikifurahi kama mjinga. Likaanguka."

Nilichuchumaa kando yake nikang'oa magugu kidogo, kwa sababu mikono haiwezi kukaa bure.

"Niliwaambia iko salama," akasema. "Ni mimi nilisema."

"Na mimi nilisema wang'oe."

"Waambie ni mimi."

"Hawakukuamini wewe, Madam. Waliniamini mimi."

Niliwaambia Jumapili, nje ya kanisa, baada ya ibada, wengine wakiwa bado wameshika Biblia. Nilisimulia kama nilivyosimulia hapa, viti, zulia, juisi. Nilingoja hasira. Nilikuwa nimeitayarishia mahali: twende Kitale, sote, kwa miguu ikibidi, tukae kwenye lango lao mpaka gazeti lije. Hasira haikuja. Nakhungu ndiye alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Joy, ulisema tung'oe, tukang'oa. Ulisema tuchimbe, tukachimba. Hata ile mbovu ilikuwa inanipa kikombe cha mtoto wa shule. Sasa unataka kutuambia nini tena?"

"Twende lango la chuo."

"Enda," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Sisi tuna mashimo nyumbani."

Wakatawanyika wawili wawili. Nikabaki na mchungaji, ambaye alikuwa anatafuta funguo.

Lori la avokado lilikuja kweli. Kwa mara moja katika maisha yangu ahadi ya mkubwa ilitimia, na ilitimia hapo. Lilisimama kwa chifu, watu wakapanga foleni kwenye matope, na kila mmoja akarudi na miche kwenye karatasi nyeusi, akaitia kwenye mashimo ya pasheni, juu ya samadi yetu. Sikwenda. Nakhungu aliniletea mmoja, akauweka mlangoni.

"Panda, Baba Joy. Shimo likikaa wazi hapo kwa lusiola, ng'ombe wangu atavunjika mguu."

"Nitalifunga."

"Kwa nini ulifunge? Lina samadi nzuri."

Nililifunga alipoondoka. Nilirudisha udongo wa chini kwanza, kisha wa juu, kinyume na tulivyofundishwa, nikaukanyaga. Kwa sababu ya samadi udongo wote haukuenea ndani, ukabaki umeinuka. Sasa kuna matuta mawili chini ya lusiola, kando kwa kando, na mgeni asiyetujua angedhani nimezika wawili.

Ule mche bado uko mlangoni kwenye karatasi yake. Joy hupiga simu kutoka kazini, amesikia habari, huniuliza kama nimeshaupanda. Nami humwambia nangoja mvua ishike. Imenyesha wiki nzima.